Bomba Refu la Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa dereva wa teksi, na kituoni walimwita Taratibu. Jina lilimkaa kama suti ya kupimwa. Yule mtu alikuwa haendeshi gari, alikuwa analibembeleza. Wakunga wote wa hospitali walikuwa na namba yake. Mwanamke akishikwa na uchungu, anaitwa yeye, kwa sababu alijua kila shimo la mji huu na alilizunguka kama unavyomzunguka mtoto aliyelala sakafuni.

Mimi nashona viti vya magari. Kibanda changu kimepakana na gereji, kwa hiyo ya gereji nayasikia yote, nitake nisitake. Siti ya nyuma ya kaka niliishona mwenyewe kwa turubai laini lisilopitisha maji, maana kazi yake mnaielewa.

Madereva wenzake walimcheka. Mwenye ulimi mrefu kuliko wote ni yule waliyemwita Mshale.

"Taratibu, wewe ukimbeba mjamzito, mnafika mtoto kaota meno!"

"Na wewe ukimbeba," kaka anamjibu, "anajifungua kwa woga."

Wanacheka, wanaendelea na kazi.

Kilichomharibu ni kilima cha hospitali. Siku moja alimbeba mama mmoja ambaye mambo yalikuwa yameshaiva. Gari likafika kilimani likaanza kujivuta kama linalopelekwa kwa deni, na mtoto hakusubiri. Alizaliwa pale pale kwenye siti yangu, mzima kabisa, analia kuishinda injini. Mama wa watu alishukuru mpaka akalia. Kaka hakusikia shukrani. Alichosikia ni injini iliyokosa pumzi.

Na wakati huo binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya kwanza. Tumbo halijaonekana vizuri, ameshamwambia, "Baba, wewe ndiye utakayenipeleka. Sitaki mtu mwingine." Kaka alitembea na maneno hayo kama mtu aliyepewa cheo.

Basi akaja gereji. Fundi akamwekea mabomba mawili juu ya pipa.

"Mzee, sasa hivi hewa inaingia kwenye injini kupitia boksi la kiwandani, huku juu chini ya boneti. Njia nyembamba. Tunalitoa. Hili fupi, filta yake inakaa humu humu jirani na injini. Linavuta, ila linavuta hewa ya moto. Hili refu linashuka mpaka nyuma ya bampa, linachukua hewa baridi ya nje. Hewa baridi ndiyo nzito, injini inashiba."

"Lipi linapanda kilima?"

"Yote yanapanda. Refu linapanda zaidi kidogo. Ila mdomo wake uko chini, maji ya barabarani uyaogope."

"Madimbwi ya mji huu? Nayajua mpaka ukoo wao."

Mimi nilikuwa na sindano mkononi. "Chukua fupi," nikamwambia. Wala sikuwa nawaza maji. Lile refu lilikuwa limepakwa rangi nyekundu kama mdomo wa mwimbaji, nikaona halimfai mtu wa umri wake.

"Dada, wewe shona."

Nikashona.

Likafungwa refu. Fundi akasema bomba peke yake ni nusu ya kazi. Injini lazima ielezwe kwamba sasa inapata hewa nyingi, iongezewe na mafuta. Akaitwa fundi wa kompyuta. Akachomeka waya wake chini ya usukani, akauliza, "Tuipange ya kistaarabu au kali? Ukitaka kali, ukigusa tu pedali, gari linaruka."

Kaka, mtu ambaye hata chai anainywa kwa mafungu, akasema, "Kali."

Nisiwe mnafiki, gari lilipendeza. Kilima kile lilikipanda huku linanguruma, na Mshale mwenyewe alisogea kando kulipisha. Kaka akaanza kupiga mluzi. Wifi yangu akaniambia mume wake amerudi ujana, nikamwambia afiche viatu vya kuchezea muziki.

Sasa, kabla ya kilima kuna bonde, na mvua ikinyesha linajaa maji. Kando ya kalavati kuna nguzo fupi ya zege yenye mstari mweupe. Kaka ndiye aliyewafundisha madereva wote: maji yakiwa chini ya mstari, pita; yakiufikia, zunguka njia ya juu. Miaka yote kipimo hicho hakijawahi kumwangusha mtu.

Binti alishikwa na uchungu asubuhi ya mvua kubwa. Kaka alikuwa ameshavaa shati la pasi kabla hatujamaliza kumwambia. Nyuma alikaa binti na mama yake, mimi mbele. Tukafika bondeni. Kaka akasimama, akaitazama nguzo.

"Yako chini ya mstari," akasema. Akagusa pedali kama alivyoigusa maisha yake yote.

Gari likaruka. Likayasukuma maji mbele, yakapanda juu ya bampa. Injini ikafanya kama mtu aliyepaliwa, ukalia mlio mmoja wa chuma, kisha kimya.

Kaka hakutugeukia. Alikuwa bado anaitazama nguzo. "Dada, si yako chini ya mstari?"

Yalikuwa chini kweli. Ila kipimo kilikuwa cha gari la zamani, lile lililopumulia juu. Hili lilipumulia bampani, na kinywa chake tulikuwa tumekizamisha wenyewe. Gari alilibadilisha, kipimo hakukibadilisha.

Binti akapiga yowe. Nyuma yetu, ukingoni, Mshale alikuwa amesimamisha gari lake. Alikunja suruali akaingia majini, nami nikajiandaa kumtukana endapo angetania. Hakutania. "Mzee, nipe binti," alisema tu.

Tukambeba, tukamlaza kwenye siti ya nyuma ya gari la Mshale, mama yake akampakata. Mimi nikapanda mbele, nikajibana mlangoni ili kaka apate pa kukaa.

"Baba, twende!" binti aliita.

"Ingia, nafasi ipo!" nikapiga kelele.

Kaka alikuwa majini, mkono juu ya boneti. Akatikisa kichwa. "Tangulieni, nitakuja." Mshale akamsubiri, akapiga honi, mwisho akageuza gari kushika njia ya juu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mapafu mazima. Injini ndiyo haikupona. Vyuma vya ndani vilipinda, gari likauzwa vipande vipande. Siku hizi kaka anaendesha pikapu ya mtu, anasambaza sabuni.

Lakini siku ile alifika wodini mchana, kwa miguu, shati la pasi limekuwa kama tambara la dekio. Alimpokea mjukuu, akamwangalia kwa muda, kisha akamuuliza binti, "Njiani mliteseka sana?"

"Njia siikumbuki, Baba," binti alisema. Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka. "Nakumbuka nimegeuka nyuma nakutazama, wewe umesimama na gari."

Kaka alimrudisha mtoto kwa mama yake. Akasema suruali inadondosha maji, anachafulia watu sakafu, akatoka nje.