Siku Barabara ya Mlimani Ilipofungwa

Kutoka mlangoni kwetu tunaliona ziwa lote, lakini mwaka ule bomba lilikuwa likikauka hata wiki nzima. Nyumba zetu zimejengwa katikati ya majabali, na bomba kubwa linapita pembeni kwenda upande wa pili wa mlima, kwenye majumba yenye bustani. Huko nyasi zilimwagiliwa asubuhi na jioni. Sisi tulishuka ziwani na ndoo, tukapanda nazo. Malalamiko tuliyapeleka serikali ya mtaa mpaka mwenyekiti akawa anatukwepa njiani.

Siku moja vijana walichoka. Waliviringisha mawe hadi kwenye barabara, ambayo ndiyo njia pekee ya gari kufika kwetu, wakapanga ndoo tupu juu yake. Haukupita muda askari wakafika, mawe yakarushwa, na mabomu ya machozi yakaanza kulia.

Nilikuwa ndani na mama, pamoja na wifi yangu, mke wa kaka. Kaka alikuwa zamu kwenye kiwanda cha samaki. Wifi alikuwa na mimba yake ya kwanza, na tuliamini siku bado. Aliinuka kufunga dirisha moshi usiingie, akashika ukuta, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba chupa imepasuka.

Nilimpigia bodaboda wetu, akasema hawezi kupita. Nikamtazama mama. Amekulia Magu kwenye mifugo, akasema ng'ombe amezalisha wengi, ila mtu hajawahi, na hataki kuanzia kwa mkwewe.

Nilikimbia hadi kwenye mawe. Kijana wa kwanza niliyemfikia alikuwa amejifunga fulana usoni, lakini nilimjua kwa mwendo wake: jirani yetu anayeosha magari. Nilipomweleza hakuuliza mara mbili. Aliita wenzake, tukapanda. Tulimkalisha wifi kwenye kiti cha plastiki, tukamfunga kanga kifuani asiteleze, wakambeba wakishuka taratibu kati ya majabali. Kila uchungu ulipomshika walisimama bila kuambiwa.

Chini, wenzao walisogeza mawe. Mbele yetu askari walikuwa wamejipanga na ngao zao. Hapo niliogopa kweli, maana wale waliombeba hawakuwa hata na mkono wa kujikinga. Mama, aliyekuwa ametutangulia, hakusimama. Alitembea moja kwa moja hadi kwa askari aliyekuwa akitoa amri, kijana wa umri wa kaka yangu, macho mekundu kwa moshi wao wenyewe.

Yule askari akamtazama, kisha akavua kofia yake ngumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu anajifungua. Tupishe."

Askari aligeuka nyuma, akapunga mkono, na wenzake wakaachia njia. Akaagiza gari lao lisogezwe. Vijana waliokuwa wakirusha mawe na askari waliokuwa wakirusha mabomu wakampandisha wifi kwa pamoja, wakielekezana namna ya kumshika. Muosha magari akauliza kama sasa watakamatwa. Yule mkubwa akamwambia aende nyumbani, na awachukue wenzake. Wakaenda.

Njia nzima wifi aliung'ang'ania mkono wa askari aliyekaa karibu naye, na yule baba wa watu hakuutoa.

Mtoto alizaliwa mchana uleule kwenye kituo cha afya. Wa kike. Kaka alifika na gambuti zake za kiwandani, ananuka sangara. Alikuwa amesikia habari za mabomu, akakimbia. Alipoonyeshwa mkewe na mtoto, alikaa sakafuni akalia. Mama akamwacha alie.

Waliokamatwa asubuhi, kabla hatujashuka, waliachiwa kesho yake baada ya wazee wa mtaa na padre kwenda kituoni. Baadaye tulijengewa bomba la pamoja karibu na shule. Foleni ipo hadi leo, na ng'ambo ya mlima bado wanamwagilia nyasi. Siwezi kusema tulishinda.

Ila mchana ule, tukiwa kwenye benchi nje ya wodi, mama aliniuliza kama nimefunga mlango wa nyumba. Nikasema sikumbuki hata kama niliurudishia. Akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka muuguzi akatoka kututuliza.