Uvimbe Wangu na Mjukuu Wangu Daktari

Uvimbe ulinitoka pajani, ndani kabisa ya nyama, ukawa unakua kama unalishwa. Jirani yangu akaja na mafuta ya simsim anikande. Mjukuu wangu, anayesomea udaktari wa mifupa, alimnyang'anya chupa. "Usiuguse huo! Hatujui ni kitu gani."

Wodini, daktari mkubwa alipita na wanafunzi wake, na mjukuu wangu ni mmoja wao. Akamgeukia yeye hasa: "Kwa nini nisiupasue leo hii nikautoe?"

Moyo ulinidunda, maana mguu ni wangu na jawabu ni lake. Mtoto hakupepesa macho. "Uko ndani na unakua, daktari. Picha tushapiga, sasa tuchukue kipande kwa sindano kikapimwe. Tukiukata kabla ya kujua, na ikiwa ni saratani, tutaitawanya, na mguu huenda ukapotea."

"Sawasawa," akasema mkubwa. Na mimi niliyesoma chuo tu, Kurani na basi, nilitaka kuruka pale kitandani!

Majibu ya sindano alikuja nayo mwenyewe, mbio, buibui lapepea. "Nyanya, ni mafuta tu! Si saratani. Uvimbe utatolewa, na mguu wako utabaki nao."

Nilipiga kigelegele, wodi nzima ikainuka. Nesi akanijia juu: "Bi mkubwa, hapa si harusini!"

Nikamwambia basi anipokee kigelegele yeye, mimi pumzi zaniishia.