Ukiguswa na Mpira

Glavu ya mwanangu inakauka juu ya hita, na nyumba nzima inanuka ngozi iliyolowa. Timu yake ya besiboli imeshinda mechi ya kwanza ya msimu. Watu wananiambia ni mapema mno kufurahi.

Mimi nakumbuka mechi nyingine ya kwanza, kwenye uwanja wenye tope kule Perry Barr, ughaibuni. Wazazi hawakuwepo tena, nami nilikuwa nimeacha shule niwalee wadogo zangu. Kitinda mimba wetu alichukuliwa na timu ya besiboli. Mimi nilijua rede tu, mchezo wetu wa nyumbani wa kukwepa mpira, basi nikamfundisha huo koridoni: ukiguswa na mpira, umetoka.

Ilikuwa zamu ya mwisho, pointi zimelingana, na wenzake wamesimama kwenye vituo vyote vitatu. Yeye ndiye alikuwa na gongo, na mpira aliorushiwa ukampiga begani. Akaweka gongo chini, akanijia pale pembeni.

“Dada, nimetoka. It hit me.”

Kocha alikuwa anapiga kelele: asipokanyaga kituo cha kwanza, pointi ya ushindi haihesabiwi. Mwamuzi alikuwa anatutazama.

“Nilikufundisha vibaya,” nikamwambia. “Huku ukiguswa unapewa kituo cha kwanza bure, na wenzako wanasogea mbele. Nenda ukakanyage kile kituo.”

“Unanidanganya.”

“Nimewahi kukudanganya?”

“Ulisema mama atatoka hospitali.”

Nilimwonyesha kituo kwa kidole. Akajifuta uso kwa mkono wa jezi, akaenda.

Alipokikanyaga, wenzake walimkimbilia wakishangilia. Yeye alinigeukia mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kufurahi.