Unga Chini ya Msolo

Kabla sijaiona Dar es Salaam nilikuwa nimeshahamia huko. Mwili ulikuwa kijijini kwetu Milola, ukilima mtama wa baba na kufukuza nyani. Mengine yote yalikuwa Kariakoo. Zilikuwa zama za Mwingereza, na jirani yetu mmoja aliyefanya kazi bandarini alikuwa amerudi likizo na viatu vinavyolia na nywele zilizochanwa njia. Nilimfuata siku nne kama mkia. Alinitajia mitaa, nami nikaihifadhi vizuri kuliko nilivyopata kuhifadhi sura yoyote ya Kurani chuoni. Nikaanza kuchana njia mimi pia. Dada zangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mama alilia niliposema naondoka. Baba hakusema nibaki wala niende. Alikuwa mtu wa maneno machache, nikadhani hajali.

Alifanya tu yaliyofanywa kwetu kabla ya safari. Alasiri, baada ya swala, alinipeleka kwenye mti wa msolo nyuma ya nyumba, akawataja wazee wetu waliokufa, akaachia unga wa mtama taratibu kutoka mkononi mpaka ukasimama kama kichuguu chenye ncha. Akaufunika kwa chungu. Asubuhi ukikutwa umesimama, msafiri huenda. Ukikutwa umeporomoka, hufungua mzigo wake, na hakuna anayebishana.

Alfajiri nilitangulia mimi. Nikafunua chungu. Unga ulikuwa umeporomoka wote.

Sikuogopa wazee. Niliogopa kubaki Milola. Niliukusanya kwa viganja, nikaubana, nikauchonga ncha, nikafunika. Baba alipokuja, na mama nyuma yake, aliinua chungu akautazama unga. Alama za vidole vyangu zilionekana waziwazi. Hata mtoto angeziona.

"Umesimama," alisema. "Nenda, mwanangu."

Nilijiona mjanja kweli.

Dar nilibeba magunia. Taa za umeme zilikuwa kwenye mitaa ya Wazungu tu. Chumbani kwangu kulikuwa na kibatari kama kile cha nyumbani, kikinuka vilevile. Sikusikitika, wala sikufurahi. Mwaka wa tatu barua ilinijulisha kwamba baba amefariki. Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaenda kazini. Machozi niliyasubiri siku nzima, hayakuja.

Nilifika nyumbani arobaini imeshapita. Nilimkuta mama uani akibangua korosho. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa. Kisha nikamweleza habari ya unga. Nilitaka anigombeze, labda ningesikia uchungu.

Hakushangaa hata kidogo.

"Tulijua," alisema. "Unga ulikuwa umesimama vizuri tu. Baba yako alitoka kabla yako, akauangusha."

"Sasa mbona alipoona nimeujenga hakunikataza?"

"Angesemaje? Yeye ndiye aliyeugusa kwanza." Akapasua korosho nyingine. "Alitaka ubaki. Kukwambia hakuweza."

Nilichukua korosho kutoka kwenye ungo nikaanza kumsaidia. Mama akaniuliza kama nimesahau kupaka majivu mikononi. Nilikuwa nimesahau, utomvu ulishaniunguza vidole, na niliendelea kubangua. Miaka yote mitatu, kule mjini, nilikuwa nikijiambia kwamba baba hakunitaka.