Baba Aligoma Kuondoka Makaburini

Baba yangu mzazi alikaa kwenye benchi la makaburini, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti, akisubiri kufa.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amegoma.

Mimi, binti yake, nimesimama mbele yake na funguo za gari mkononi, hoi bin taabani. Ngoja nianze mwanzo, la sivyo mtadhani nasimulia vichekesho.

Naitwa Lorraine Haverby. Kwetu ni Coventry, Uingereza. Baba, mzee Cyril, alikuwa fundi wa kufunga milango ya magari kiwandani mpaka akastaafu. Shamba hana, cheo hana. Alichonacho ni jina.

Huko Lincolnshire kuna kijiji kidogo kinaitwa Haverby. Tangu nipate akili baba anatuimbia wimbo huo huo: "Kile kijiji ni chetu. Kimeanzishwa na wazee wetu."

Na hajawahi hata kukikanyaga!

Mama alipofariki tulimzika Coventry. Kaburi la watu wawili, na kwenye jiwe tukaacha nafasi ya jina la baba. Mzee akakataa katakata. Yeye atazikwa Haverby, kwa wenye jina lake.

Iliniuma, na sifichi. Mama kamvumilia mtu yule na hasira zake maisha yote, halafu alale peke yake kwa sababu ya jina?

Mdogo wangu Clive yuko Hispania anaota jua. Kazi yake ni kupiga simu tu.

"Dada, mpeleke mzee akaombe hilo kaburi. Roho yake itulie."

Mpeleke! Njoo umpeleke wewe basi.

Nikampeleka. Ningefanyaje?

Tulipofika, baba akataka picha kwenye kibao cha kijiji. Akavua kofia, akajinyoosha kama bwana harusi. Tukaingia makaburi ya kanisa, akaanza kusoma mawe, moja baada ya jingine. Akina Spalding wapo. Akina Grantham wapo. Haverby hakuna.

"Yamefutwa na mvua," akasema.

"Labda, baba."

Mwangalizi wa kanisa alikuwa anasukuma toroli la maua yaliyonyauka. Mama wa makamo, Enid Spalding. Baba akamweleza shida yake, na jina akalitaja mara mbili, isije ikawa hajasikia.

"Pole mzee wangu," Bi Enid akasema. "Hapa tunazika wakazi tu. Au mtu aliyefia hapa hapa kijijini."

Mama wa watu, hakujua anaongea na nani.

"Aliyefia hapa hapa?" baba akauliza.

"Ndiyo."

Baba akatazama huku na huku, akaliona benchi, akaenda kukaa. "Sawa. Sina haraka."

Nilibembeleza mpaka mate yakanikauka.

"Baba, twende. Dawa zako ziko nyumbani."

"Vizuri. Basi haitachukua muda."

Bi Enid akaingiwa na huruma, sijui alimhurumia baba au mimi. Akampigia kasisi simu. Kasisi akasema atafikiria, atapiga simu. Tukangoja. Bi Enid akatoa chai kwenye chupa, akakaa kando ya mzee.

"Wenye jina langu mmewapeleka wapi?" baba akamuuliza kwa ukali. "Waanzilishi wenyewe!"

Bi Enid akacheka. "Mzee wangu, hapa hawajawahi kuwepo. Zamani zile kila mtu hapa alikuwa wa Haverby. Ungeita 'wa Haverby', wangeitika wote mpaka mbwa."

"Kwa hiyo?"

"Jina hilo mtu hupewa ugenini. Mtu wenu alitoka hapa, akafika kwa watu. Wakaulizana, yule nani? Yule wa Haverby. Likamganda. Hata ukoo wa mume wangu, walihama mji wa Spalding wakaja hapa, na mpaka leo tunaitwa hivyo."

Chai ikapoa mkononi mwa baba.

"Kwa hiyo sisi ndio tulioondoka."

"Ndio nyinyi."

"Aliondoka kwa nini?"

"Nani ajuaye? Njaa, bwana mkali, mwanamke. Mtu haachi kwao hivi hivi."

"Na hakurudi."

"Angerudi, jina lingekufa."

Simu ikalia. Bi Enid akasikiliza, akatabasamu. "Kasisi amekubali. Kwa heshima ya jina. Kuna nafasi ya kaburi kwenye pembe pale ukutani."

Nikajua mama kashindwa.

Baba akaangalia ile pembe kwa muda mrefu. Kisha akaishika fimbo, akainuka.

"Mwambie asante sana, mama. Sitaki."

"Baba!" Nilikaribia kumpiga kwa funguo.

"Yule mtu aliondoka hapa kwa miguu yake, Lorraine. Mimi ni nani nimrudishe?" Akaanza kutembea kuelekea garini. "Twende. Mama yako yuko peke yake kule."

Nililia pale pale, mbele ya Bi Enid na toroli lake.

Njiani baba akaniuliza, "Mbona hukuniambia kwamba ni ujinga?"

"Nilikuambia kila Krismasi."

"Sikusikia."

"Najua, baba."

Alifariki majira ya kuchipua, usingizini, kitandani kwake. Tukamlaza na mama. Clive alikuja kachelewa, mwekundu kwa jua, akaninong'oneza pembeni ya kaburi: "Si alitaka Haverby kwa watu wetu?"

"Kule hakuna watu wetu," nikamwambia. "Watu wetu ni hawa."

Wewe unayesoma hapa na unahangaika kutafuta asili yako, tafuta, sikukatazi. Ila jina linaweza kukuonyesha mlango ambao mtu wenu alitokea. Halikuambii nani anakungoja. Hilo ulizie nyumbani, wakiwa bado wanaweza kukujibu.