Neno la Ngwali

Mjaka Silima alikufa alfajiri ya Ijumaa, mwaka elfu mbili na tisa. Kufa Ijumaa ni jambo watu wa Wingwi hulitamani, lakini mkewe, Bi Mwanawema, hakulifurahia hata chembe. Alikuwa akitetemeka. Watu walidhani ni msiba. Msiba ulikuwepo, nani asiyejua, ila kilichomtetemesha ni lile swali la shehe maiti anapotaka kutolewa: "Jamani, mnamshuhudia vipi marehemu?"

Nani asingemshuhudia Mjaka kheri? Miaka thelathini alichukua samaki Tumbe kwa baiskeli, na hakumuuzia mtu samaki aliyelala hata siku moja. Bi Mwanawema alipomzaa Time, binti yao wa kwanza, akaugua, Mjaka ndiye aliyefua nepi, tena mchana kweupe, wanaume wenziwe wakimcheka. "Chekeni," aliwaambia, "wake zenu wanasikia." Wajukuu walimpanda mgongoni mpaka kiuno kikakataa. Mume kama yule, we! Hupewi wawili.

Ila mwaka sitini na nane alikuwa kijana wa kutumwa katika ofisi ya serikali. Mapinduzi yalikuwa na miaka minne, na Pemba bakora zilikuwa zikitembea. Mtu akichelewa kazi za kujitolea hulazwa chini mbele ya kadamnasi. Siku hiyo aliyechelewa alikuwa Ngwali, jirani yake, aliyecheza naye utotoni. Mkubwa wa ofisi akamtia Mjaka bakora mkononi: kumi na mbili, ama lala weye. Mjaka akachapa kumi na mbili. Mama yake Ngwali alikuwapo, akitazama.

Tangu siku hiyo Mjaka hakupita mbele ya nyumba ya Ngwali juu ya baiskeli. Hushuka akaikokota, mvua inyeshe, jua liwake. Wajukuu wakiuliza, husema mnyororo umelegea. Mnyororo gani huo unaolegea miaka arubaini pahala pale pale?

Kila Idi alikwenda kuomba radhi. Kila Idi Ngwali alimkaribisha, akampa kahawa, akamjibu neno moja tu: "Nimesikia." Hakusema nimesamehe, hakusema sisamehi. Mjaka akirudi nyumbani, pilau haimpiti kooni.

"Mwanawema," alisema wiki ya mwisho, sauti imeshakwisha, "haki ya mtu haifutiki mpaka mwenyewe asamehe. Naogopa." Mtu mzima yule, kamng'ang'ania mkono. Bi Mwanawema naye akaogopa, na hofu ile haikumtoka tena.

Sasa jeneza lipo uwanjani, wanawake wamo ndani. Bi Mwanawema alisogea dirishani, Time kamshika bega. Alimwona Ngwali safu ya mbele, fimbo mkononi. Yarabi, kwa nini safu ya mbele?

"Mnamshuhudia vipi marehemu?" shehe aliuliza.

"Kheri!" uwanja ukaitika. Midomo ya Ngwali haikutikisika.

Mara ya pili. "Kheri!" Ngwali kimya, anatazama chini. Bi Mwanawema alitaka kupiga kelele wambebe upesi, wakamzike kabla mtu yule hajafungua kinywa.

Mara ya tatu, Ngwali akainua fimbo.

"Miye nna neno." Watu wakamgeukia. "Huyu alinipiga, wakubwa mwajua. Nilimsamehe. Nilimsamehe mwaka ule ule, mama yangu alipokufa akaja yeye kuchimba kaburi. Ila sikumwambia. Nilipenda kumwona akiogopa." Machozi yakamshuka ndevuni. "Namshuhudia kheri. Kheri tupu."

Wanaume wakainua jeneza. Ngwali hakulifuata. Alikuja mpaka chini ya dirisha, kainamisha kichwa.

"Bi Mwanawema, mwenyewe keshakwenda. Niwie radhi weye."

Time alimtazama mamake. Mtu akiombwa radhi msibani hujibu nimesamehe. Ndiyo ada, na hapana anayeivunja. Hofu ilikuwa imemtoka Bi Mwanawema yote, na pale ilipokaa alihisi hasira ya moto. Mumewe alikufa akiogopa bure.

"Ogopa na weye kidogo, Ngwali," alisema, akafunga dirisha.