Kadi ya Kastamu

Nina hasira, rafiki yangu, na nimeamua kukueleza nikiwa bado nayo, kwa sababu najifahamu: nikisubiri wiki mbili nitaanza kupamba maneno na kuwaonea watu huruma. Jumapili iliyopita baba mdogo alinitembelea hapa Tororo. Alikunywa chai yangu, akala mihogo yangu ya kuchemsha, akamtazama mtoto wa mbwa niliyemletea binti yangu, kisha akasema jambo lililonirudisha Bulumbi nikiwa na miaka tisa.

Mtoto wa mbwa mwenyewe ana wiki nane. Daktari wa mifugo alikuja na kisanduku chenye barafu, akamdunga sindano ya kwanza, akaniambia bado mbili. Mpaka zimalizike, mbwa asivuke geti, asinuse mbwa wa jirani, na sisi tusimkaribie na viatu vya sokoni. Binti yangu amenuna, anataka kumtembeza leo hii. Nilikuwa namsimulia baba mdogo mambo hayo, na jinsi ratiba ya sindano inavyogongana na ya kazi yangu, ndipo akacheka.

"Usisumbuke na hii mambo ya kudunga, mwanangu," akasema. "Mimi natafutia wewe kadi, inakuja na mihuri yote. Kama ile ya Kastamu."

Kastamu. Miaka zaidi ya ishirini sikuwa nimesikia mtu akilitaja jina hilo.

Nililelewa na bibi, mama yake baba, huko Bulumbi, karibu na mpaka wa Kenya. Ukitaka kuijua nyumba yetu, anza na pua: mihogo iliyolowekwa na kuanikwa juu ya mwamba, ile harufu yake ya uchachu inayomkera mgeni na kumpa mwenyeji njaa, dagaa wanaokaangwa bila mafuta kwenye chungu, ufuta unaotwangwa. Asubuhi niliamshwa na mchi wa bibi. Kabla ya shule nilikuwa nimefagia uwanja, nimechota maji kisimani mara mbili, nimefungulia kuku. Sikuwa nikilalamika. Bibi alikuwa akiniita "mikono yangu", maana alikuwa anaumwa viungo na mimi ndiye niliyemshikia vitu.

Kastamu alitoka upande wa Kenya. Mama mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa akivuka kununua ufuta kwa bibi, alimleta kama zawadi ndani ya kikapu, chini ya kanga. Alikuwa mweusi, kifua cheupe, tumbo la duara. Baba mdogo ndiye aliyempa jina. Alisema kitu kilichovuka mpaka bila karatasi lazima kiitwe Kastamu ili kisije kikakamatwa na kastamu, wale watu wa forodha. Tulicheka sana. Nakuambia hivyo ili ujue kwamba tulimpenda baba mdogo, na kwamba alikuwa mtu wa kupendwa.

Bibi alikuwa amekwishazika watoto wawili wa mbwa kabla ya huyo. Wote walikufa kwa kuhara damu, na daktari wa ng'ombe aliyepita siku moja alimwambia kosa lake ni kuwaachia njiani kabla ya kudungwa. Maneno ya yule daktari bibi aliyashika kama amri ya kanisa. "Hii mbwa haitoki nje mpaka wanapiga yeye sindano," akasema, na Kastamu akawekwa jikoni, mlango ukazibwa kwa ubao. Nilimlisha uji wa wimbi wenye maziwa, nikazoa uchafu wake, nikambadilishia majivu ya kulalia. Mlangoni bibi aliweka karai la maji, na hakuna aliyeingia kabla ya kuosha miguu, hata katekista. Wiki sita nzima nilitoka shule nikikimbia, nikaosha miguu hadi magotini, nikaingia kulala na mbwa kando ya jiko.

Sasa, baba mdogo. Alikuwa kitindamimba wa bibi, na kila siku alikwenda Busia kwa pikipiki, kazi yake karatasi. Dereva wa lori akikosa karatasi fulani, baba mdogo alijua ipo kwa nani. Wewe uliyekulia mbali na mpaka huenda hili halikuingii akilini, kwa hiyo nikueleze. Kwetu sisi, chanjo ilikuwa kadi. Wasafiri walidaiwa ile kadi ya manjano ya kuonyesha wamechanjwa, na wapo waliokuwa nayo, imegongwa mihuri yote, na hawajawahi kukunja mkono wa shati mbele ya daktari. Mtu akisema "fulani ana kadi", alimaanisha fulani atapita. Hakuna aliyekuwa anazungumzia ugonjwa hapo.

Bibi akamwomba mwanawe ampeleke Kastamu kwa daktari mjini. Mara tatu, kila baada ya wiki mbili, alimfunga kwenye boksi la sabuni lenye matundu, akaondoka naye asubuhi. Mara tatu jioni alimrudisha. Mara ya kwanza alileta kadi ya kijani, na kila safari kadi ikarudi na muhuri mpya. Bibi hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea, kwa sauti, kidole kikifuata mstari, jina la mbwa, rangi ya mbwa, amechanjwa, amechanjwa, amechanjwa. Naikumbuka sauti yangu ilivyokuwa na majivuno.

"Basi, atoke," bibi akasema.

Siku ile sitakuficha, nilikuwa na furaha mpaka nikakosa adabu. Nilimtoa Kastamu kabla ya kufagia. Alisimama kizingitini hajui nyasi ni nini. Nikampeleka kisimani, nikampeleka kwenye soko la jioni, akanusa ndoo ya mchinjaji, akapigana mieleka na mbwa wawili wembamba waliokuwa wanashinda pale, akalamba kila kitu kilichokuwa chini. Njiani kurudi nilimbeba, amelala, mdomo wazi.

Siku ya tano alikataa uji. Ya sita akaanza kutapika povu, kisha damu ikatoka nyuma, na harufu yake ilikuwa ileile ambayo bibi alikuwa ameniambia nitaijua nikiinusa. Baba mdogo alikuja, akamtazama, akaenda nje kuwasha sigara. Hakusema tumpeleke kwa daktari. Nilimtilia Kastamu maji ya chumvi na sukari mdomoni kwa kijiko. Alikufa mchana, kichwa chake kikiwa pajani mwangu, na nilikuwa bado nimeshika kijiko.

Bibi aliiomba kadi. Aliishika mbele ya macho yake muda mrefu, macho yasiyojua kusoma, kisha akanitazama mimi.

"Mbwa ilidungwa, kadi iko. Sasa ni nini? Ni mkono yako. Mkono yako haifai kwa kitu ina roho."

Labda unaona ni neno la hasira tu, la mwanamke mzee aliyefiwa na mbwa. Kwetu mkono ni jambo zito. Kuna mtu ambaye akiweka mayai chini ya kuku yote yanaanguliwa, na kuna mtu ambaye wanamnyima mbegu wakati wa kupanda. Tangu siku hiyo mimi nikawa wa pili. Msimu wa kupanda karanga ulipofika nilikalishwa kibarazani. "Wewe menya tu," bibi alisema, na binamu zangu wakachukua mbegu nilizomenya mimi wakaenda kuzipanda. Sikuruhusiwa kushika kifaranga. Ng'ombe akizaa niliambiwa nisisogee. Shuleni habari ikafika, na msichana mmoja akakataa nimshikie mtoto wa mama yake. Lile jina la "mikono yangu" sikulisikia tena.

Na niliamini, rafiki yangu. Hilo ndilo linalonichoma. Niliamini mpaka utu uzima. Nilipokuwa na mimba ya binti yangu nilikuwa najitazama viganja usiku kucha kama mwizi. Alipozaliwa, nilimwambia muuguzi amshike yeye kwanza.

Kwa hiyo pale verandani niliweka kikombe chini, nikamuuliza baba mdogo kadi ya Kastamu ilitoka wapi. Hakushtuka hata kidogo. Alisema kulikuwa na jamaa pale Busia aliyekuwa na muhuri. Kastamu alishinda siku zile zote tatu ndani ya boksi chini ya meza ya jamaa huyo, naye akimrushia mkate. Hakuna daktari aliyemwona.

"Kwani ilikuwa mbaya?" akauliza, na naapa alikuwa anauliza kweli. "Pale boda hakuna mtu nauliza sindano. Wanauliza kadi."

Nilimwambia mambo ambayo mtoto hapaswi kumwambia baba yake mdogo, na sijutii. Nilimwambia kuhusu karanga, kuhusu vifaranga, kuhusu muuguzi. Alinywea kitini, mzee wa watu, akaanza kuhesabu vifungo vya shati lake. Nikamwambia kinachoniuma zaidi ni kwamba bibi alikwenda kaburini bila kuujua ukweli, na kwamba angalau angemwambia mama yake mzazi.

"Nilimwambia," akasema.

Nikamuuliza lini.

"Ile siku ile tulizika mbwa. Nilimwambia yote. Alilia. Halafu alisema tunyamaze, watu watasema kijana wake ni mwongo, na mimi ndiyo nilikuwa naleta chumvi, naleta parafini. Alisema wewe ni mtoto, utasahau."

Nimekaa na maneno hayo siku nne sasa. Ile hasira niliyokuwa nimemwandalia baba mdogo imepotea njia, haijui iende wapi. Nimerudi kwenye kila jambo ninalolipenda la utoto wangu, mchi wa alfajiri, dagaa, karai la maji mlangoni, na kila nikifika namkuta bibi ameketi pale, anajua, ananitazama nikimenya karanga za wenzangu. Misimu minane alinitazama. Daktari atarudi Alhamisi ijayo na sindano ya pili, na nitasimama pale hadi niione inaingia, hilo halina mjadala. Ila Bulumbi yangu imekwisha. Nyumba ilikwisha kubomoka zamani, hilo nililizoea; hili lingine sikuwa nimejiandaa nalo.

Kaburi la bibi ninalipalilia mimi kila Desemba. Hakuna mwingine anayekumbuka. Nateremka Bulumbi na jembe langu, nang'oa majani mpaka viganja vichubuke. Desemba hii aende mwanawe.